Jibu Lililofika Kabla ya Swali

2 Machi

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana ile ya Jumapili kwenye simu najua hukuisikia. Wewe ulikuwa katikati ya mashine zako za kufulia, Baba naye kaing'ang'ania simu, tukaishia kupigiana kelele za "hujambo" mpaka salio likaisha. Marehemu Mama alikuwa sahihi alipokuwa akisema: Simu ni ya kusalimiana, jambo lenye uzito liandikwe.

Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, ukiacha goti, ambalo siku hizi lina maisha yake na ratiba yake. Kupanda mpaka kwetu ghorofa ya tatu anapanda kwa vituo. Kila kituo anasimama, anashika ukuta, halafu anajifanya anakagua mabomba. Unamjua, mtu aliyefanya kazi ya bomba maisha yake yote hawezi kukubali kwamba amesimama kupumzika. Anayagonga kwa kidole, anatega sikio, anatikisa kichwa. Wiki iliyopita mama wa ghorofa ya kwanza alinivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona kama jengo zima litafurika.

Kazini tumecheka mpaka mbavu zinauma. Mwenzangu wa meza ya pili alimtengenezea mtu tovuti ya kuuzia viatu. Ukurasa wa mwenye duka una orodha ya viatu, na kando ya kila kiatu kiungo kimeandikwa "Futa". Ukikibofya, kiatu kinatoka dukani. Sawa. Lakini aliuacha ukurasa ule bila kufuli. Sasa, mtandaoni kuna roboti za kutafuta habari, kazi yao ni kuzunguka kila ukurasa na kufungua kila kiungo wanachokiona, basi tu, waone kuna nini. Ikaja moja. Ikafungua "Futa" ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa adabu kabisa, mpaka duka likabaki bila hata ndala.

Nilimpa somo la bure mbele ya watu. Nikamwambia, mzee, kiungo ni cha kutazama. Kubadilisha kitu ni kazi ya fomu yenye kitufe, na seva, yaani ile mashine inayopokea maombi upande wa pili, ikatae chochote ambacho hakikutoka kwenye kitufe. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Mtu mzima unawekaje "Futa" kwenye kiungo? Aliinamisha kichwa, nami nikajiona profesa.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia, ila naona karatasi inaisha.

Mdogo wako,
Kidole


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na ile ya akiba nimeipokea pia. Mimi mzima. Rola ya kupigia pasi shuka ilikwama siku mbili, tukanyoosha shuka za wodi nzima kwa pasi za mkono. Sasa mabega yangu yanaongea lugha moja na goti la Baba. Wasaidizi wangu wanasema mimi ni mkali. Ni kweli. Shuka yenye doa ikipita mikononi mwangu, silali.

Karatasi yako haikuwa imeisha. Chini ya jina lako pamebaki nusu nzima nyeupe, nimeigeuza huku na huku nikidhani umeandika kwa maji ya limau. Jambo gani?

Mimi sina jipya. Chumba cha nyuma nimekitoa makorokoro yote, cherehani nimeihamishia sebuleni. Nimekipaka rangi nyeupe inayoelekea maziwa. Kina dirisha linaloingiza jua la asubuhi, na choo kiko hatua mbili tu. Nyumba yenyewe unaijua, iko chini, haina hata kizingiti cha kujikwaa. Nimeweka na kitanda. Basi kimekaa hivyo, kitupu. Nakwambia tu.

Masharubu uliyonitumia kwenye picha yanyoe. Unafanana na mtu anayekuja kukata umeme.

Msalimie Baba. Mwambie agonge mabomba taratibu.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Baba anakusalimu. Mvua inanyesha.

Nimepata jibu lako. Nimelielewa. Hatutalizungumza tena, na sina kinyongo, kila mtu ana maisha yake na mipaka yake. Hongera kwa chumba. Kwa rangi hiyo na jua la asubuhi hutakosa mpangaji mzuri.

Ndimi,
Mdogo wako


25 Aprili

Kidole,

Marahaba, ingawa hiyo shikamoo yako imenifikia imekauka kama mkate wa juzi.

Jibu gani? Nimekaa na barua yako ya mistari minne, nimeisoma jikoni, nimeisoma kazini, nimemsomea hata mwenzangu wa zamu, naye anasema huyu mtu ana homa. Kama ni kuhusu masharubu, jibu langu ni lile lile na nalirudia: nyoa. Kama ni jingine, sema.

Na nani kakwambia natafuta mpangaji? Nimekwambia chumba kipo, kiko chini, choo kiko karibu, kitanda kimo. Mtu mwenye akili zake aliye na baba mwenye goti bovu angesoma nini hapo? Lakini mimi siyo wa kukufundisha kusoma. Wewe ndiye profesa.

Mimi mzima. Mkono wa kushoto unauma kidogo. Sabuni mpya inawasha.

Dada yako, ambaye hajui amejibu nini


12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilijiapiza sitaandika haya, lakini maji yamenifika shingoni, acha yamwagike.

Jumapili kwenye simu nilikwambia Baba hajambo. Hakuwa hajambo. Ijumaa aliteleza kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akashuka kwa kukaa mpaka kwenye kona. Mfupa haukuvunjika, daktari kamwangalia, ni michubuko na fahari. Nilipofika alikuwa amekaa pale pale sakafuni, anamweleza mama wa ghorofa ya kwanza kwamba alishuka makusudi aone bomba la chini. Nilimbeba mgongoni. Amekuwa mwepesi, Dada. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo.

Sasa usiniulize jibu gani. Siku ile ile nilipoposti barua yangu ya Machi, ile ya viatu, nilikutumia barua pepe kwenye anwani yako ya hospitali. Nilishindwa kuliandika kwa mkono. Mwandiko wangu unajulikana unapotetemeka, na wewe ndiye uliyenifundisha kuandika. Basi nikafanya kile ninachokijua. Nilitengeneza fomu. Nilikaa jioni tatu nikitengeneza mfumo mzima wa kupiga kura, wenye kichwa cha habari, rangi na namba ya siri ya mpiga kura, na mpiga kura alikuwa mmoja tu, wewe. Swali liliandikwa: "Je, uko tayari kumpokea Baba akae kwako?" Chini yake viungo viwili. Nakubali. Nakataa. Unabofya kimoja, jibu linaingia kwenye seva yangu, kazi imeisha, hakuna mtu aliyetazamana na mtu usoni.

Nilipomaliza kutuma niliinua kikombe cha chai. Sikuwahi hata kukifikisha mdomoni. Jibu lilikuwa limeingia. Nakataa.

Ningeelewa kama ungefikiri siku mbili. Ningeelewa kama ungeandika kwamba kazi ni nyingi, mabega yanauma. Lakini wewe hata kusoma hukusoma. Ulimkataa Baba haraka kuliko mtu anavyomfukuza nzi. Halafu unaniandikia habari za chumba cheupe na kitanda kitupu! Ndiyo maana nikasema mpangaji. Ilinichoma.

Nimesema. Kama nimevuka mpaka, nitafutie daktari wa ulimi.

Kidole


30 Mei

Kidole,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kwanza Baba. Jumapili nilimwambia mwenyewe, nimejua umeteleza, akasema wambea wamekuwa wengi katika jengo lenu. Usinifiche tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mtu mwingine, hilo ni kosa juu ya kosa.

Sasa sikia. Mimi sijaona fomu. Sijaona kura. Sijakataa kitu. Na viungo mimi sibofyi! Kila mwezi tunakusanywa ukumbini tunaonywa: usibofye kiungo usichokijua, hata kama kimetoka kwa mkurugenzi. Mimi ndiye ninayewakemea wengine. Halafu nibofye chako, tena cha kumkataa mzazi wangu?

Nilikwenda kwenye kompyuta ya ofisi ya vifaa, nikapekua. Nimeikuta. Ilikuwa imelala kwenye barua taka, kati ya mtu anayeuza dawa za kupunguza tumbo na mwingine anayesema nimeshinda gari. Haijafunguliwa. Jina lako limekozwa wino mweusi, kama zinavyokuwa zile ambazo hakuna aliyezigusa. Kichwa chake umeandika "Tafadhali jibu haraka". Hata mimi ningeitupa.

Sijui aliyekujibu ni nani. Mtafute. Mimi nina hasira sana sasa hivi, siandiki zaidi nisije nikasema la kujutia. Miezi mitatu, Kidole! Miezi mitatu umekaa huko ukiamini kwamba mimi ni mtu wa namna hiyo, na ukaniandikia habari za mvua.

Dada yako


14 Juni

Dada yangu, mkubwa wangu, mvumilivu wangu,

Shikamoo tatu.

Nimemkamata aliyejibu. Kaa chini, maana nikikueleza utacheka, na ukicheka nitajua nina nusu ya msamaha.

Nimefungua seva yangu, ambayo huweka alama kila mtu anapobisha hodi na anachotaka. Nikakuta siku ile hukujibu mara moja. Ulijibu mara mbili. Ulikubali, na papo hapo, kabla pumzi haijatoka, ukakataa. Nikashika kichwa. Hakuna binadamu mwenye kidole cha kasi hiyo, hata mimi niliyepewa jina hilo kwa kugusa kila sufuria ya moto.

Hospitali yenu ina mlinzi wa barua pepe. Si mtu, ni programu. Barua yoyote ikiingia, anaikagua kabla haijawafikia ninyi, na akikuta kiungo anakifungua mwenyewe aone kama nyuma yake amejificha mwizi. Anafanya kazi yake vizuri tu. Alikuta changu cha kwanza, akakifungua. Akakuta cha pili, akakifungua. Hakupata mwizi, lakini barua yenyewe ilimtia shaka, akaitupa kwenye taka. Huku kwangu seva ilipoona kiungo kimefunguliwa kwa namba yako ya siri, ikasema, ahaa, ni Dada. Ikaandika. Na kwa kuwa nakujua ni mtu wa kughairi, nilikuwa nimeielekeza: likija jibu jipya, lifute la zamani. Ningetanguliza "Nakataa" na kumalizia na "Nakubali", leo Baba angekuwa amefungasha virago kwa idhini ya mashine.

Unakumbuka yule wa viatu niliyemcheka? Nyani haoni kundule. Nilisimama mbele ya watu nikahubiri kwamba kiungo ni cha kutazama na kitufe ndicho cha kubadilisha, halafu jioni ile ile nikarudi nyumbani nikaanza kuiweka hatima ya baba yangu mzazi kwenye kiungo. Yeye alipoteza viatu. Mimi nilikaribia kupoteza dada. Nimemwendea mwenzangu nikamweleza yote. Alinivutia kiti tu, akaniuliza kwa upole kama nataka somo la siku ya kwanza.

Nimerekebisha kila kitu. Sasa kiungo kinafungua ukurasa, basi. Mlinzi wenu achungulie mpaka achoke. Kwenye ukurasa kuna fomu yenye vitufe viwili, na kubofya kitufe ndiko kunakotuma jibu. Seva haipokei chochote kingine. Ukibofya, inakuuliza: "Una uhakika?" Ukithibitisha, inajifunga, hakuna wa kukujibia. Nimeijaribu nimeridhika. Mwenzangu alinisaidia kuijaribu, akakubali kumpokea Baba. Nimemshukuru nikalifuta jibu lake.

Nimekutumia jana. Itazame kwenye taka.

Mdogo wako mjinga,
Kidole


1 Julai

Kidole,

Marahaba, ya tatu nimeirudisha, uitumie siku nyingine.

Nimecheka. Nilicheka kazini mpaka foronya zikanianguka. Hiyo nusu ya msamaha chukua.

Ukurasa wako nimeuona. Ni mzuri. Rangi ya kijani imetulia, maandishi makubwa, mtu hahitaji miwani. Nimeutazama mpaka chai yangu ikapoa. Sikubofya.

Sikubofya kwa sababu hii. Mimi ni mfua nguo, sijui seva. Lakini nakujua wewe. Wewe ndiye mtoto aliyekuwa akifungua redio ya Baba ikikwaruza kidogo tu, ili aone kwa nini. Jibu limekufikia kabla hujanywa chai. Mtu wa kawaida angeduwaa, angesema kuna hitilafu. Wewe kazi yako ni hitilafu! Hukufungua hiyo seva siku ile. Hukuifungua Aprili. Hukuifungua Baba alipoanguka. Umeifungua Juni, niliposema sijabofya. Kwa nini?

Mimi nadhani ulilipenda lile jibu. Ulikasirika, najua, ulichomwa kweli. Lakini nalo lilikupa ruhusa ya kubaki naye. Ulikuwa hutaki kumwachia, na mimi nikawa mbaya, wewe ukawa mtoto mwema aliyejaribu. Kama nakuonea, niambie nakuonea.

Na sasa na mimi niseme langu, nisije nikajifanya shuka jeupe. Januari, mchana mmoja ulipokuwa kazini, Baba alinipigia simu. Alisema ngazi zimemshinda. Alisema anataka kuja kwangu. Nikamwambia njoo hata kesho. Akasema, "Hapana, usimwambie Kidole. Nikiondoka yule atakula mkate mkavu mbele ya kompyuta mpaka agande. Ngoja aseme mwenyewe, ajue ni yeye kaamua. Nikisema mimi, ataona namkimbia." Ndiyo maana nikapaka rangi. Ndiyo maana nikakuandikia habari za choo. Ningeweza kusema wazi. Lakini fahari ilinishika, nikataka niombwe, nikakaa kama bibi harusi anayesubiri kubembelezwa, na mzee wa watu akiendelea kupanda ngazi kwa ajili yako, wewe ukimbakiza kwa ajili yake, mimi nikisubiri kwa ajili yangu.

Kwa hiyo sijakataa. Na sijakubali. Hakuna mtu aliyeniuliza. Mlinzi wa hospitali ameulizwa, mwenzako wa meza ya pili ameulizwa. Mimi bado.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi, kwenye kona ile Baba alipoangukia, kwa sababu sikuweza kusubiri kufika juu. Hukunionea.

Siku ile jibu lilipoingia niliruka kwa hasira, nikapiga meza, nikaiita dunia nzima iwe shahidi. Kisha usiku nikalala vizuri kuliko nilivyolala mwezi mzima. Asubuhi nilijishuku kidogo, nikajiambia ni uchovu. Seva niliipita kila siku kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Nilijua nikiifungua kuna kitu nitakikuta.

Mimi nimezoea kikohozi chake. Nimezoea anavyonigombeza nikiacha bomba linadondoka, anasema mwanangu anajenga nyumba za mtandaoni na hajui kubadilisha mpira wa bomba. Namwambia nabaki naye kwa sababu ananihitaji. Naona sasa alikuwa anapanda ghorofa tatu ili mimi nisibaki peke yangu. Nilikuwa nikimsikia anavyohema mlangoni, nami nikijidai namtunza. Nimeona aibu, Dada, na sina mzaha wa kuiwekea.

Nimeingia ndani nikamwambia nataka aende kwako. Akaniuliza, "Umewaza mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sawa, kama unaona hivyo." Halafu akaenda chumbani, na nikamsikia anaimba.

Fomu nimeizima. Naandika kwa mkono, na unaona jinsi mistari inavyopanda na kushuka.

Dada yangu, naomba umpokee Baba. Mimi peke yangu nimeshindwa. Nakuomba.

Kidole


17 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Niliisoma barua yako kati ya mashine ya tatu na ya nne. Wasaidizi wangu walidhani sabuni imeniingia machoni, nikawaacha wadhani hivyo, nikawaagiza wanawe mikono vizuri.

Unajua ni muda gani hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeniomba kitu? Nikiwa mdogo mlinituma, nilipokua mkanitegemea, na nilipohamia huku mkaanza kunisalimia. Nilidhani nimekuwa wa salamu tu.

Mlete Jumamosi. Msishuke asubuhi, goti lake linaamka saa nne. Mshike mkono wa kulia, wa kushoto atakuambia anauhitaji kwa kukagua ukuta, mwache akague. Sanduku lake la vifaa vya bomba aje nalo, asije akakuachia kwa huruma. Mama wa ghorofa ya kwanza muageni vizuri, nasikia amekuwa akimwekea kiti kwenye kona tangu alipoanguka.

Nawe usiniandikie kwamba utamfikisha na kugeuza na basi la jioni kwa sababu kuna kazi. Kompyuta yako inabebeka. Kitanda cha pili nimekiazima kwa mwenzangu wa zamu, kimefika leo, wamekipitisha dirishani. Utakaa mpaka Baba azoee kulala bila wewe na mkate wako mkavu, au wewe uzoee kulala bila kikohozi chake, yeyote atakayetangulia.

Hilo si swali.

Dada yako